Manyoya ya Komendatore

Manyoya yalionekana Jumanne asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka baharini, chini ya msonobari mkubwa ulio nyuma ya nyumba ya wageni ya Iride. Aliyeyaona ni Edda Ricciardelli, mwalimu mstaafu, ambaye kila siku saa kumi na moja na nusu huwapelekea tausi mahindi kwenye mfuko wa karatasi. Yalikuwa manyoya ya mkia, mengi, yametapakaa juu ya majani makavu, na kwenye mzizi mmoja palikuwa na damu iliyoanza kuganda. Ndege mwenyewe hakuwepo. Edda akaita, "Komendatore," mara mbili tatu, na asipate jibu ila kutoka kwa majike waliokuwa bado juu ya matawi.

Komendatore alikuwa tausi dume, mzee kuliko wote pale Marina Vecchia, mji wetu mdogo wa pwani ya Italia. Tulimpa jina la cheo walichokuwa nacho zamani matajiri wa viwanda waliokuja kuoga baharini na wake zao, kwa sababu alitembea kama wao, kifua mbele, akikatisha barabara anapotaka huku magari yakimsubiri. Hakuwa wa mtu. Babu zake ndio waliokuwa wa Iride, mke wa Nullo Ravaioli. Iride alileta jozi moja enzi zile nyumba yake ya wageni ikijaa watalii Wajerumani hadi kwenye roshani. Tausi wakazaana, wakaruka ukuta, wakahamia kwenye misonobari, na huko wakabaki wakati vingine vyote vinaondoka: sinema ya uwanjani, ukumbi wa dansi, Wajerumani, na mwisho Iride mwenyewe. Akili yake ilianza kupotea, nyumba ya wageni ikafungwa, binti yake akamchukua kwake vilimani, na Nullo akamfuata. Sasa hamtambui hata mumewe. Anayetaka kujua Marina yetu ilikuwaje, akae jioni moja ya Juni na kuwasikiliza tausi wakiitana juu ya miti. Hicho ndicho tulichobakiwa nacho, na sioni haya kusema kwamba tulikuwa tunakiogopea.

Tulikuwa na sababu ya kuogopa. Alhamisi jioni baraza la mji lilikuwa lipige kura juu ya tausi. Sheria ya nchi inamlinda mnyama wa porini, na inalinda mali ya mtu. Tausi wetu hawakuwa hiki wala kile. Vitabuni ni ndege wa kufugwa, ila hawana mfugaji. Edda na kamati yake walipendekeza sheria ndogo: tausi wa msituni wawe chini ya ulinzi wa mji, asiwepo wa kuwadai, kuwakamata, kuwafungia wala kuwalisha, na maafisa wa wanyamapori waje wiki inayofuata kuwavika pete miguuni. Mwalimu mwenyewe alikuwa radhi kuacha mahindi yake, japo alilia kidogo alipokuwa akikiandika kifungu kile. Upande wa pili ulitaka wakamatwe wote wagawiwe mashamba ya mbali. Madiwani walikuwa wamegawanyika sawasawa. Mmoja tu, Gastone Piraccini wa duka la vyuma, alikuwa hajasema yuko wapi, na kila aliyekwenda kununua misumari alimbembeleza.

Kesi ikaangukia kwa Loretta Gasperoni, sajini wa askari wa manispaa. Loretta ni wa hapa hapa. Nusu ya mji amesoma nao, nusu nyingine amewaandikia faini, na wengine amewafanyia yote mawili. Alifika pale chini ya mti saa moja kasorobo akakuta watu wameshajaa, wengine na viatu vya ndani, na Nullo Ravaioli amesimama pembeni kofia mkononi. Vijana walikuwa wanataka kuingia msituni kutafuta mzoga.

"Msijisumbue," Nullo aliwaambia. "Ameshakufa. Mtatafuta nini?"

Wakamsikiliza, maana alikuwa mzee na tausi walikuwa wa mkewe. Loretta aliwaondoa wote, akavaa glavu, akaokota manyoya moja moja na kuyatia kwenye mfuko. Ilimchukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Damu aliichukua kwa kijiti cha pamba. Akapima kwa macho urefu wa mti: tawi la chini kabisa lilikuwa juu ya paa la nyumba. Hakuna mtu angepanda kumfikia Komendatore akiwa amelala. Aliyemkamata alimkamata ardhini, na kwa mkono uliokuwa na chakula.

Kabla ya saa tatu mji mzima ulikuwa umeshatoa hukumu. Jumamosi iliyopita, ndani ya baa, mbele ya watu, Gualtiero Colnaghi alisema kwamba atamkamata yule ndege ampike na polenta, ule ugali wa mahindi wa kwao. Colnaghi ni mtu wa Milano, aliyenunua hoteli iliyo jirani na nyumba ya Iride miaka miwili nyuma akitegemea wageni wanaotafuta usingizi, ambao tausi wakawaamsha. Kufikia saa nne mtu alikuwa ameandika "MCHINJAJI" kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha hoteli yake, na wauza samaki walikataa kumhudumia mpishi wake. Yalikuwa mambo ya aibu, lakini siku ile tuliyaona ya haki.

Loretta alimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi. Juu ya meza, kwenye chombo kirefu cha kioo, palikuwa na shada la manyoya ya tausi. Loretta alisimama mlangoni sekunde kadhaa kabla ya kuingia. Kwetu unyoya wa tausi hauingii ndani ya nyumba. Zile alama za macho, bibi zetu walisema, zinakutazama hadi uondokewe na mtu. Hata asiyeamini hakubali kuwa wa kwanza kujaribu.

"Karibu, afande," Colnaghi alisema. "Umekuja kunifunga pingu, au kuna foleni?"

"Ulisema utampika na polenta."

"Nilisema. Mimi ni mtu wa Milano, tukikasirika tunataja polenta. Wewe hujawahi kusema utamuua mtu?"

"Leo asubuhi tu. Ulikasirishwa na nini?"

Akamtoa nje kumwonyesha gari lake jeusi linalong'aa. Mlango wa dereva ulikuwa na mikwaruzo chini, kwenye kimo cha goti. Colnaghi alieleza kwamba Komendatore akijiona kwenye rangi ile hudhani ni dume mwenzake, basi anapigana naye hadi achoke. Jumamosi alipigana asubuhi yote.

"Na haya ya mezani?"

"Niliyaokota bustanini mwaka jana, Agosti. Yalikuwa yanaanguka yenyewe. Mazuri, sivyo?"

Loretta aliomba moja. Lilikuwa na vumbi la ukumbini, na shina lake lilikuwa limekatwa kwa mkasi ili lienee kwenye chombo. Yote mezani yalikuwa yamekatwa hivyo hivyo. Katika yale aliyookota chini ya mti hakukuwa na hata moja lililokatwa. Akamuuliza kama aliwahi kumlisha yule ndege. Colnaghi akacheka kwa uchungu, akasema kwamba yule ndege hamkaribii hata kwa mkate, labda yeye Colnaghi awe amevaa nguo nyeusi zinazong'aa.

"Wageni wangapi wameondoka leo?" Loretta akamuuliza mwishoni.

"Wote waliosoma kibao," Colnaghi akajibu. Safari hii hakuchekesha.

Jumatano upepo wa maneno uligeuka. Piraccini wa duka la vyuma, aliyelia mbele ya wateja alipoonyeshwa picha ya manyoya, alitangaza kwamba kura yake ni ndiyo. Sheria ilikuwa imepita kabla ya kupigiwa kura. Kwenye meza za karata mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba mwalimu Edda angemchinja hata marehemu mumewe ilimradi apate diwani mmoja. Walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka, na Loretta aliyekuwa akinywa kahawa yake amesimama kwenye kaunta akaliona hilo. Akalipa akaenda kwa mwalimu.

Edda alimpokea jikoni, anakanda unga wa piadina, ule mkate bapa wa kwetu, kwa hasira.

"Najua kwa nini umekuja," alisema. "Nimekufundisha kusoma, Loretta, leo unakuja kuniuliza kama mimi ni muuaji."

"Nauliza kila mtu, mwalimu. Nisipokuuliza wewe watasema nakuogopa."

"Na huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Ulikuwa wapi Jumatatu jioni?"

Alikuwa kwenye kikao cha kamati, na wajumbe wote wangethibitisha, ila wajumbe wote walikuwa na faida ile ile. Loretta alilijua hilo. Akafungua mfuko akayamwaga manyoya juu ya meza. Edda akarudi nyuma hadi ukutani, mikono yake imejaa unga.

"Ndani ya nyumba yangu? Una wazimu?"

"Dakika mbili tu, kisha nayatoa. Angalia huku chini kwenye shina. Ukimnyonyoa ndege aliye hai, au aliyechinjwa sasa hivi, shina linatoka na unyevu, mara nyingi na ngozi. Haya ni makavu, ncha zimefunga. Yalianguka yenyewe."

Edda, woga au la, alikuwa mwalimu. Akasogea. "Lakini ni Juni," akasema polepole. "Hawapukutishi mkia mpaka sikukuu ya katikati ya Agosti ipite."

"Ndiyo. Na tazama haya yalivyopauka, na haya bado yana kijani chake. Halafu ni mengi mno. Hapa kuna mikia miwili, pengine mitatu. Hii ni miaka kadhaa imewekwa pamoja, mwalimu. Mtu aliyahifadhi, na usiku wa kuamkia Jumanne akayamwaga pale ili tudhani Komendatore amekufa."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sina uhakika. Damu nimeipeleka kwa daktari wa mifugo, anasema ni ya kuku."

Edda akakaa kitini. Uso wake ulifurahi, halafu ukabadilika, na Loretta akajua mwalimu amefika pale alipofika yeye. Kama Komendatore hakufa, basi machozi ya Piraccini yalitolewa bure, na upande wa pili ungesema kamati imeigiza msiba. Kesho yake jioni sheria ingeanguka, na baada ya sheria kuanguka mitego ya kuwakamatia ingeletwa msituni.

"Huwezi kungoja mpaka Ijumaa?" Edda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Colnaghi anaweza kungoja?"

Mwalimu alipangusa mikono, akauliza nani hapa Marina angeweka manyoya ya tausi nyumbani kwake miaka yote hiyo. Hakuna hata mmoja, alijijibu mwenyewe. Basi ni yule Mmilano, maana yeye peke yake hana miiko. Loretta alikuwa amewaza hivyo hivyo usiku uliopita. Lakini Mmilano angeyaweka kwenye chombo cha kioo, tena angeyakata. Hapo ndipo Edda alipoanza kuyakusanya manyoya kwa fagio ili yatoke haraka, na juu ya meza, kando ya unga, ikabaki michirizi ya mchanga.

Loretta aliugusa kwa kidole. Ulikuwa mweupe na laini. Udongo wa msituni ni mweusi, umejaa majani yaliyooza. Katikati ya mchanga palikuwa na kipande cha rangi iliyobanduka, ya chungwa, kidogo kama ukucha wa mtoto.

Alikaa akikitazama, na kumbukumbu ikamjia bila kuiita. Alijiona mdogo, ufukweni, siku ya mwisho ya Agosti, familia za Wajerumani zikifunga mizigo, na mama mmoja wa aproni akiwapa watoto wao wanaolia unyoya mmoja mmoja wa kwenda nao kwao. Watoto wa hapa tulikatazwa kuushika. Tulisimama mbali tukiwaonea wivu.

Mtu wa hapa asingethubutu kuyaweka ndani ya nyumba. Lakini kama hana moyo wa kuyatupa, angeyaweka ufukweni, kwenye kibanda cha kubadilishia nguo. Kwetu kila kituo cha kukodisha miavuli ya ufukweni kina rangi yake ya vibanda tangu zamani, ili mtoto aliyepotea ajue arudi wapi. Rangi ya chungwa ilikuwa ya kituo kimoja tu.

Alhamisi saa nne asubuhi Loretta alitembea ufukweni hadi kituo kilichokuwa cha Nullo Ravaioli. Sasa kinaendeshwa na Oriano, mtoto wa dada yake, aliyepaka vibanda vyote rangi nyeupe ili vipigwe picha nzuri. Vyote isipokuwa cha mwisho.

"Hicho mjomba hakutaka kiguswe," Oriano alieleza. "Ufunguo anao yeye. Humo kuna takataka za mkewe Iride. Mimi siingii."

"Kwa nini?"

"We Loretta, unajua kwa nini. Kuna yale manyoya. Alikuwa anayaokota kila mwaka kwa ajili ya watoto wa wageni. Hata alipoanza kuchanganyikiwa aliyaokota, ila wageni hawakuwepo tena wa kuwapa, basi yakajaa."

"Mjomba wako alikuja lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu mchana. Alitoka na gunia nikafikiri hatimaye anayatupa. Nikafurahi." Oriano akauacha mwavuli nusu wazi. "Hapana, Loretta. Mjomba?"

Barabara ya kwenda vilimani inapita kati ya mashamba ya pichi, na Loretta aliendesha taratibu kuliko ilivyohitajika. Alifika nyumbani kwa binti yake Nullo baada ya chakula cha mchana. Binti alikuwa kazini. Iride alikuwa amekaa barazani na shali mabegani, akamtazama Loretta kwa adabu kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana. Nullo alimwona akitoka kwenye gari, na hakujifanya kushangaa. Akamwongoza nyuma ya nyumba, kwenye banda la nguruwe ambalo halina nguruwe siku nyingi, akafungua mlango.

Komendatore alikuwa ndani, kwenye kona, mkia wake mrefu umekunjamana ukutani na kushika uchafu. Hakujitanua. Aligeuza kichwa akawatazama, akakirudisha.

"Umejuaje?" Nullo akauliza.

"Mchanga, na rangi ya kibanda. Ungekuwa mtu wa Milano nisingekujua, baba Nullo. Ungeyaweka kwenye kabati lako."

Mzee akatikisa kichwa. "Ndani ya nyumba? Mungu apishe mbali."

Loretta hakutaka kutabasamu, lakini alitabasamu. Kisha akamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, mke wangu haongei. Binti yangu anamtunza vizuri, siwezi kusema kitu. Lakini tangu tulipomleta huku, kila jioni anasimama dirishani na kusema neno moja: mbona kimya. Kila jioni. Halafu anaanza kuzunguka nyumba kutafuta sijui nini, mpaka usiku wa manane. Hanijui mimi, hamjui mwanawe, ila anajua kuna kitu hakilii." Akavuta pumzi. "Nikasikia sheria inakuja, nikasikia na pete za miguuni. Baada ya leo ningekuwa mwizi. Jumatatu nilikuwa mzee tu mwenye ndege kwenye gunia."

"Ungeomba."

"Kwa nani? Kwa Edda? Angenisomea hotuba."

"Na manyoya, na damu?"

"Angepotea tu mngemtafuta hadi Ravenna. Aliyekufa hatafutwi. Kuku tulimla Jumanne."

"Na Colnaghi?"

Nullo akashusha macho. Alisema hakumfikiria kabisa. Alidhani watu watamlaumu mbweha. Aliposikia kuhusu kibao alitaka kusema, akaogopa, na kila saa iliyopita ikamfanya aogope zaidi. Alilisema hilo waziwazi bila kujitetea, na Loretta akamheshimu kwa hilo.

"Amelia?" Loretta akauliza, akimwonyesha ndege.

"Hata mara moja." Sauti ya mzee ilikatika. "Nimemtoa kwake, nimemharibia mtu biashara, na halii. Jana jioni Iride amesimama pale dirishani, huyu yuko hatua chache, na akasema neno lile lile."

"Analia akijibiwa, baba Nullo. Hapa nani wa kumjibu?"

Loretta alikuwa amekuja na maneno ya kazi yake, na aliyasema yote: kwamba ndege lazima arudi, kwamba jina la Colnaghi lazima lisafishwe leo, si kesho. Nullo aliuliza jambo moja tu, kama ukweli utaiua sheria. Loretta akamwambia kwamba hajui, ila anaogopa hivyo.

"Wakikamatwa wote," mzee akasema, "basi hata Iride akitaka kurudi Marina hatakuta kitu." Akaingia ndani kutafuta koti lake la harusi.

Baraza lilianza saa mbili kasorobo jioni, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Colnaghi alikuwa amekaa safu ya nyuma peke yake, viti vitatu kila upande vitupu. Kabla Meya hajasoma hoja, Loretta aliomba nafasi kwa ajili ya shahidi, na Nullo akasimama na koti lililokuwa limembana. Alisimulia yote kama alivyomsimulia Loretta, kuanzia gunia hadi kuku, isipokuwa lile neno la Iride, ambalo hakulisema. Alisema tu kwamba alimtaka kwa ajili ya mke wake.

Kelele zilizuka. Wapinzani walipiga meza. Mmoja wao akasema kwamba sasa tumeona jinsi kamati ya mwalimu inavyotunga misiba, na Piraccini, masikio mekundu, akasema hapendi kulizwa bure. Edda alikuwa ameinamisha uso. Nullo hakuketi. Alingoja hadi wakachoka, kisha akamgeukia Colnaghi kwanza, akamwomba radhi kwa jina lake kamili, mbele ya watu wote. Halafu akawageukia madiwani.

"Mnasema sheria haina maana kwa kuwa hakuna aliyeua," alisema. "Mimi wale ndege nimewaona wakitoka kwenye mayai. Hakuna mtu humu anawapenda kunishinda, na mimi ndiye nimemtia mmoja bandani, gizani, na mkia wake umejaa mavi. Kama nimeweza mimi, nani hataweza? Msiwalinde na Mmilano, yeye alisema tu. Walindeni na mimi."

Piraccini alitazama mikono yake kwa muda, kisha akainua mmoja. Sheria ikapita kwa kura hiyo. Colnaghi aliondoka bila kumpa mtu mkono, na kesho yake asubuhi tulikwenda kukisugua kile kibao wenyewe; alitutazama kutoka dirishani, na baada ya saa nzima akashuka na kahawa. Kuhusu kesi, Loretta alilifunga jalada: hakuna mnyama aliyeuawa isipokuwa kuku mmoja, naye aliliwa na mwenye mali.

Komendatore aliachiliwa Ijumaa chini ya msonobari. Alijikung'uta, akatembea hadi kwenye gari jeusi, akajitazama, akaridhika. Nullo alikuwa ameshika kofia kama siku ile ya kwanza, na Loretta akamwendea.

"Sheria inakataza kumpeleka ndege kwa Iride," alimwambia. "Nimeisoma yote. Haisemi kitu juu ya kumleta Iride."

Binti hakukubali mara moja, na alikuwa na haki. Ile nyumba ya wageni ilikuwa na unyevu, mabomba yamekufa, na mama yake angeweza kuanguka kwenye zile ngazi. Oriano alirekebisha mabomba, sisi wengine tukapiga chokaa, Colnaghi akatoa magodoro mawili. Jumapili ya mwisho ya Juni wakamleta, kwa majira ya joto tu, tukaelewana hivyo.

Jioni ile Iride aliketi uani, aproni yake amevalishwa na binti. Aliwatazama wote waliokuwepo bila kumjua mmoja. Nullo alikaa upande wa pili wa meza ya chuma; alikuwa ameshakata tamaa ya kumkumbusha jina lake. Kisha dume mmoja akalia huko misonobarini, mwingine akajibu, na Komendatore, juu kabisa, akawafunika wote. Iride hakushtuka. Alimwinamia yule mzee aliyekuwa mbele yake na kumwambia yale aliyowaambia wageni wote waliofika pale jioni yao ya kwanza, kwa sauti ile ile ya mwenye nyumba.

"Usijali, bwana. Usiku wa kwanza ni mgumu. Siku ya tatu hutawasikia tena."

Nullo alivua kofia yake.

"Mimi nimekuja kuwasikia, bibi."

Iride akamtazama vizuri, kama mtu anayepima mgeni kabla ya kumpa ufunguo.

"Basi utakaa siku nyingi?"

"Nikiruhusiwa."

"Nafasi ipo," Iride akasema, akamsogezea kiti cha karibu yake.